Senti Kumi ya Baba na Sumaku ya Dukani

Siku hizi ukitaka kuona sarafu Stockholm, sharti upekue makoti ya marehemu. Sifanyi mzaha. Ninafanya kazi katika duka la mitumba Vällingby, na asubuhi yangu yote huishia kwenye mifuko ya nguo zilizoletwa, kabla hazijatundikwa. Watu walio hai hawana sarafu. Duka la mikate halipokei pesa taslimu, choo cha stesheni kinataka kadi, na hata yule bwana anayeomba nje ya duka la vyakula ameandika kwenye kibao namba ya simu ya kutumiwa hela. Lakini mzee akifariki huko Spånga ninakoishi, wanawe hufungasha makoti yake kwenye mifuko ya plastiki na kutuletea bila kuyagusa sana. Wana haraka, au hawataki kuingiza mkono mahali ambapo mkono wake ulikuwa ukiingia. Basi mimi ndiye ninayeuingiza. Hutoka leso, risiti, peremende za kikohozi zilizogandana, na chenji.

Chenji yenyewe haina kazi. Nyingi ya sarafu hizo zilishaondolewa kwenye matumizi, haziwezi kununua hata kiberiti. Tunazitia kwenye mtungi wa kioo, na mara kwa mara huja mzee mmoja Mswidi, mwalimu mstaafu, mwanachama wa chama cha wakusanya sarafu, akaketi nami mezani kuzichambua. Zile zenye thamani duka huziuza, zilizobaki huenda kuyeyushwa.

Mwanzoni nilimwona ananipotezea muda. Mimi si mtu wa subira, na wanaonijua wanajua. Mtu anageuza öre moja, yaani senti yao, anaipuliza, anaitazama kwa lenzi, anaitazama tena, na makoti yananisubiri sakafuni! Lakini siku moja alinipa sumaku ndogo yenye uzi, akasema nijaribu mwenyewe, na hapo nikanasa. Wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, shaba ilikuwa adimu, kwa hiyo Waswidi walitengeneza öre zao kwa chuma. Zimekula kutu, zina rangi ya masizi, na sumaku inazidaka mara moja. Öre ya shaba ya miaka ya kabla yake inalala tu, haijali. Peni za Kiingereza, ambazo hutoka kwenye makoti ya watu waliopenda kusafiri, nazo ni hivyo hivyo: zile za zamani ni za shaba, na kuanzia mwanzoni mwa miaka ya tisini ni chuma kilichovikwa shaba. Kwa macho huwezi kuzitofautisha. Ipo pia krona, shilingi yao, ya mwaka sitini na nane, ambayo kwa mwaka huo mmoja ilitoka kwa metali mbili. Nyingine ina fedha ndani yake, nyingine haina, na ukitaka kujua unatazama ukingo wake kama una mstari mwekundu wa shaba.

Nilianza kuzungumzia mambo haya nyumbani kwa wazazi wangu Alby mpaka mama akachoka. "Mwanangu, umekuwa mtu wa senti mbovu," alikuwa akisema. Baba, kinyume chake, alifurahi sana. Hatimaye alikuwa amepata mtoto wa kuongea naye habari za senti yake.

Sasa nieleze hiyo senti. Baba yangu ni Mganda. Alikimbia Kampala mwanzoni mwa miaka ya sabini, akiwa kijana, akakaa Nairobi, na kutoka hapo akafika huku. Mama ni mtu wa Tanga. Walikutana Stockholm, na kwa kuwa yeye hajui Kiganda na baba hakujua Kidigo, nyumba yetu ilijengwa kwa Kiswahili, cha mama kikiwa kimenyooka na cha baba kikiwa na kona zake. Mimi niliwajibu kwa Kiswidi mpaka nilipokuwa mkubwa na kuona haya.

Asubuhi ile baba alipoondoka Kampala, babu yangu alimsindikiza hadi stendi. Akamnunulia karanga za safari. Muuzaji akarudisha chenji ya senti kumi, na babu akaitia kwenye kiganja cha baba, akakifunga kwa mkono wake mwenyewe. Akamwambia, "Hii ni ya kununulia karanga siku utakayorudi." Babu alifariki kabla ya baba kuweza kurudi. Hakuna picha yake hata moja. Kwa hiyo kitu pekee kilichopita mkononi mwa babu kikafika Sweden ni ile senti kumi.

Nimekua nikiiona. Ilikaa kwenye pochi ya baba, sehemu ndogo yenye kifungo. Akiongea jambo zito huitoa na kuisugua kwa kidole gumba, na kwa kusuguliwa miaka yote hiyo imekuwa laini. Neno Uganda linaonekana ukiiinamisha kwenye mwanga, mwaka hausomeki kabisa. Kila mgeni aliyekula ubwabwa kwetu amesikia habari zake. Mimi na mama tuliijua hadithi kiasi kwamba baba akisita kumeza mate, tulikuwa tunaweza kuendelea kwa niaba yake.

Mwaka jana maktaba ya mtaani kwao iliandaa maonyesho ya vitu ambavyo wahamiaji walikuja navyo. Kila mtu alete kitu kimoja, kikae kwenye kabati la kioo kwa mwezi mzima, na siku ya ufunguzi aeleze habari yake. Baba alikubali kabla mkutubi hajamaliza sentensi. Akanikabidhi senti kumi niende nayo dukani, niipige picha na kuandika kadi ya maelezo. "Andika kila kitu, nyabo," aliniambia, maana akifurahi huniita hivyo kama wanawake wa kwao wanavyoitwa kwa heshima. "Andika ni metali gani. Huyo mzungu wako wa sarafu asome na yeye." Mzungu wangu wa sarafu nilikuwa nimeshamwalika mwenyewe, kwa majivuno.

Niliiweka mezani kwenye mwanga wa dirisha. Sumaku ilikuwa pale pale, ninapoiacha siku zote. Nilisukuma senti kumi kidogo ili kivuli changu kisiiguse, na ikaruka. Ikagota kwenye sumaku na kushika.

Niliibandua, nikaijaribu tena. Ikashika tena. Niliitazama ukingo kwa lenzi na kuona kile ambacho sikuwahi kukitafuta: pale palipolika zaidi, chini ya wekundu wa shaba kulikuwa na kijivu. Shaba ni koti tu. Ndani ni chuma.

Nilijiambia huenda Uganda ilitengeneza hivyo tangu mwanzo. Nikampigia yule mzee bila kumwambia kwa nini, nikamuuliza tu habari za senti kumi za Uganda. Alifurahi kuulizwa, akafungua kitabu chake cha orodha. Zile za kwanza, akasema, zilikuwa za shaba tupu, na zikaendelea kuwa hivyo mpaka kufikia katikati ya miaka ya sabini. Baada ya hapo ndipo walipobadilisha wakaweka chuma kilichovikwa shaba. Nikamshukuru. Wakati huo baba alikuwa ameshafika huku, anajifunza kutembea kwenye theluji.

Kwa hiyo babu hakuwahi kuigusa sarafu hii. Ilikuwa haijazaliwa.

Nilikasirika, na sikujua namkasirikia nani. Nilifikiri labda baba aliitunga hadithi nzima. Nilipofikiri hivyo niliona vibaya, kwa sababu najua jambo moja kuhusu baba: hakuna kinachomuuma kama kutosadikiwa. Alipofika nchini, waliomhoji walimrudisha kwenye maneno yake tena na tena. Ulitoka mlango gani, ulisema saa ngapi, mbona jana ulisema vingine. Mpaka leo akisimulia, sauti inapanda. Mtu huyo ndiye aliyekuwa anajiandaa kusimama mbele ya watu, mmoja wao akiwa na sumaku mfukoni, na kuwaambia: huu hapa ushahidi wangu.

Nilikwenda Alby siku ambayo baba huwa kwenye mazoezi ya magoti. Mama alikuwa jikoni anakuna nazi, kwa mbuzi aliyetoka naye Tanga, ingawa nazi ya kopo imejaa madukani.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Mbona huna rangi?"

Nikaweka senti kumi juu ya meza, nikateremsha sumaku kwa uzi wake. Ikaruka. Mama aliitazama ikining'inia. Hakuuliza maana yake. Aliacha kukuna, akafuta mikono kwa kanga, akaketi, na kwa uso wake tu nikajua kwamba hasira zangu zimefika kwa mwenyewe.

"Mjomba wako yule," alisema. "Nilimwambia atafute iliyochakaa. Habari za sumaku nani alizijua?"

Akanieleza. Nilikuwa mtoto mdogo, simudu hata kufunga viatu. Kulikuwa na harusi ya Waswahili katika ukumbi mmoja hapo hapo Alby, wakati wa baridi kali, na ukumbi haukupashwa moto vizuri. Baba akavua koti lake akamfunika mama mabegani. Basi wanawake wakaanza kucheza, bibi harusi akatolewa, na watu wakaanza kumtuza kama ilivyo ada: kila mtu anakwenda akicheza, anamwaga chochote alicho nacho kwenye kanga iliyotandazwa, noti au sarafu, na vigelegele vinapigwa. Mama hakutaka kusimama mikono mitupu mbele ya watu wa kwao. Akaingiza mkono kwenye mfuko wa koti, akachota chenji yote iliyokuwamo, akaenda anakata kiuno na kuimwaga.

"Siku ile senti yake haikuwa kwenye pochi," mama alisema. "Alikuwa ameitoa kumwonyesha mtu pale mezani, akaitia mfukoni. Mimi ningejuaje? Nilikuwa nacheza, mwanangu. Nilikuwa nimefurahi."

Baba aligundua kesho yake. Alipekua nyumba nzima, akapindua magodoro, akarudi ukumbini akatambaa chini ya meza. Mama alielewa mara moja, akaogopa kusema. Aliwaulizia maharusi kimya kimya. Walikuwa wameshasafiri, na chenji ilikuwa imegawanywa kwa wapishi na wapiga ngoma, imesambaa. Baba aliacha kula. Akawa anakaa dirishani. "Niliona ninampoteza," mama alisema. "Anazidi kwenda, anakwenda nikimtazama." Akamwandikia kaka yake, ambaye alikuwa utingo wa malori yaliyokwenda hadi Kampala. Ile senti kumi ikaja ndani ya pakiti ya majani ya chai. Mama akafumua bitana ya koti, akaichomeka ndani, kisha akamwita baba: hebu njoo, kuna kitu kigumu hapa.

"Akalia," mama alisema. "Akanishika mikono akanishukuru. Sasa mtu ameshakushukuru hivyo, utamwambia nini?"

Nilitaka kumwambia kwamba tungekaa kimya. Ningeandika kwenye kadi "senti kumi, Uganda" na kuishia hapo, na yule mzee ningemwambia aache sumaku nyumbani. Lakini nilipolisema, mama alitikisa kichwa. Hakutaka mumewe aende kusema uongo asiojua ni uongo, mbele ya Waswidi. "Kumdanganya ndani ya nyumba yangu ni dhambi yangu," alisema. "Lakini wasimcheke watu." Akanyanyuka akaendelea kukuna nazi, kwa nguvu kuliko ilivyohitajika.

Baba aliporudi tulikula kwanza. Mama alingoja amalize, kisha akamwambia yote, toka baridi ya ukumbini mpaka pakiti ya chai, bila kujitetea. Mimi nilikuwapo, nikitamani nisingekuwapo. Nilitegemea baba apaze sauti. Hakupaza. Aliniomba sumaku. Akaijaribu mwenyewe, taratibu, kama mtu anayepima dawa, na ilipodaka akaiacha ikining'inia mkononi mwake kwa muda.

"Banange," alimaka kwa Kiganda chake, kwa sauti ndogo. "Kumbe mimi niko nashika mkono ya nani miaka hii yote?"

Akavaa koti akatoka. Senti kumi aliiacha mezani.

Siku zilizofuata hakuongea na mama. Alikuwa akinipigia simu mimi, Spånga, wakati yeye na mama wamekaa chumba kimoja. "Mwambie mama yako chai imekwisha." Nilimwambia, baba, mimi si redio. Akakata simu. Ningeweza kucheka, na kwa kweli nilicheka kidogo baada ya kuiweka simu chini, lakini niliogopa. Umri wao si wa kuanza kununiana. Nilijilaumu kwa kuzoea kuchokonoa vitu. Watu wamekaa na amani yao miongo yote hiyo, mimi naja na kipande cha sumaku. Mkutubi akanitumia ujumbe kuuliza kadi iko wapi. Sikumjibu.

Asubuhi ya ufunguzi nilikwenda Alby nikijua nitakuta baba kagoma. Nilimkuta amevaa suti. Amesimama katikati ya sebule, na mama anamfunga tai, kwa sababu vidole vyake baba vimekakamaa na tai hajaifunga mwenyewe siku nyingi. Walikuwa karibu karibu na hawatazamani. Nilibaki mlangoni.

"Ungeniambia ile siku," baba alisema, "mimi ningekuacha."

"Najua," mama alisema, akakaza fundo.

Baba akanyoosha kiganja. Mama akaenda kabatini, akaleta senti kumi, akaiweka hapo. Tukatoka.

Maktaba ilikuwa imejaa kuliko nilivyotarajia. Kulikuwa na sufuria ya mama mmoja wa Kongo, saa ya mkononi isiyotembea, msala, ufunguo wa nyumba ambayo haipo tena. Mzee wangu wa sarafu alikuwa mstari wa mbele na lenzi yake shingoni. Baba alipoitwa alisimama na kuzungumza Kiswidi chake cha polepole. Alisema habari za stendi, karanga, na mkono wa baba yake ukifunga wake. Kisha akasema: sarafu hiyo sina. Akaeleza harusi, baridi, koti. Alipofika pale mama anapocheza na kumwaga chenji, alionyesha kwa mabega, na watu wakacheka, na yeye akacheka. Akasema, baba yangu alikuwa mtu wa kupenda ngoma, pesa yake imeishia mahali pazuri. Akasema kwamba hii aliyonayo ni chuma kilichovikwa shaba, ya baadaye, na ikiwa kuna mwenye sumaku aje ahakikishe. Yule mzee alikwenda. Aliijaribu, akaitikia kwa kichwa, akamrudishia kwa mikono miwili. Mama alikuwa amekaa kando yangu, amejifunika mdomo kwa mtandio, na sikuweza kujua kama anacheka au analia.

Baada ya makofi mkutubi alifungua kabati la kioo. Palikuwa na kijisehemu cha kitambaa cheusi kilichotengwa kwa ajili ya sarafu. Akanyoosha mkono kuipokea. Baba akaifunga kiganjani.

Hapana, akamwambia. Ile ya baba yangu ningewaachia. Mwezi mzima, hata mwaka, nilikuwa nimeshakubali. Mkutubi akatabasamu bila kuelewa, akasema kabati lina kufuli, hakuna kitakachopotea.

"Hii siiachi," baba alisema. "Hii nimepewa na mke wangu."